Jumla na Hiari: Historia ya Kozi za Jumla katika Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, Ikitazamwa kutoka Mkongani

Utangulizi

Makala haya yanachunguza historia ya kozi za elimu ya jumla, yaani zile ambazo mwanafunzi wa chuo kikuu huzisoma nje ya taaluma yake: mhandisi anayeketi kusikiliza mihadhara ya falsafa, mwanafunzi wa fasihi anayefundishwa misingi ya uchumi. Historia hiyo kwa kawaida huandikwa na wataalamu wa mitalaa, nao huitazama kutoka kwenye vikao vya seneti. Sisi tunakusudia kuitazama kutoka Mkongani, pembezoni mwa msitu wa Shimba, katika eneo la Matuga, Kwale. Mahali hapa pamewahi kuandikwa katika orodha za Serikali kwanza kama jina la misitu, Mkongani Kaskazini na Mkongani Magharibi, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1956. Wataalamu wa miti, wa wanyama, wa lugha na wa mapokeo wamepita Kwale kwa miaka mingi wakikusanya. Ni haki basi kuuliza kijana wa hapo anapoingia chuo kikuu hupewa nini katika saa zile chache ambazo chuo chenyewe kinasema ni za kumfanya awe mtu aliyeelimika, mbali na kuwa mtaalamu.

Hoja yetu ni kwamba mjadala wa fasihi uliofanyika Nairobi kati ya 1968 na 1974 ulibeba wazo la elimu ya jumla lililo bora kuliko lile lililokuja kutekelezwa mwaka 1990, na kwamba wazo hilo liliachwa ndani ya idara moja likageuka kuwa taaluma ya wachache. Hoja hii ni ya mhakiki wa fasihi, na msomaji ana haki ya kushuku kwamba kila fundi husifu chombo chake. Tunamwomba atupime kwa mfano tutakaoutoa.

Njia mbili za kufika darasani

Katika mazungumzo ya kawaida maneno 'jumla' na 'hiari' huambatana kana kwamba yalizaliwa siku moja. Sivyo. Marekani, ambako mambo haya yalianza kuwa mfumo, hiari ilitangulia. Charles Eliot, aliyeongoza Chuo Kikuu cha Harvard tangu 1869 hadi 1909, alivunja mtalaa mmoja wa lazima na kumwachia mwanafunzi achague masomo. Matokeo yake ni kwamba wahitimu wa chuo kimoja waliweza kumaliza bila kuwa na kitabu hata kimoja walichosoma pamoja. Elimu ya jumla ilikuja baadaye kama dawa ya hiari: Columbia ilianzisha mwaka 1919 kozi ya lazima juu ya ustaarabu wa wakati huo, na Harvard yenyewe ikatoa mwaka 1945 ripoti yake mashuhuri juu ya elimu ya jumla katika jamii huru.

Afrika Mashariki haikurithi lolote kati ya hayo mawili. Kuanzia 1949 Makerere ilikuwa katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, na Nairobi na Dar es Salaam zilifuata njia hiyo hiyo mwaka 1961. Shahada ya London ilikuwa nyembamba kwa makusudi. Ilidhani kwamba upana umekwisha kupatikana katika shule ya sekondari, na kwa hakika mitihani ya kidato cha sita ilikuwa na karatasi ya maarifa ya jumla iliyomdai mtahiniwa aandike insha juu ya mambo yasiyo ya somo lake. Afrika Magharibi walitangulia kuachana na dhana hiyo: Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, kilipofunguliwa mwaka 1960 kilianza na masomo ya jumla kwa wote, kwa mfano wa vyuo vya Marekani.

Huku kwetu mlango ulifunguliwa na siasa. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya mia tatu. Azimio la Arusha likatangazwa Februari 1967, na mwezi uliofuata ukafanyika mkutano wa kujadili nafasi ya chuo hicho katika Tanzania ya kijamaa. Kutokana na mijadala hiyo ilizaliwa kozi ya pamoja ya vitivo vyote, ambayo baada ya mabadiliko kadhaa ikawa Masomo ya Maendeleo, na mwaka 1973 ikapewa taasisi yake. Wapo wanaoidharau kozi hiyo kuwa ilikuwa mafunzo ya chama yaliyovaa joho. Dharau hiyo haitoshi. Ilikuwa na swali moja katikati yake, kwa nini nchi zetu ni maskini, na swali hilo lilimhusu daktari kama lilivyomhusu mwanasheria. Walter Rodney, ambaye kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma kilitoka mwaka 1972 akiwa mhadhiri hapo, alikuwa mtu wa mazingira hayo ya kiakili. Kozi yenye swali inaweza kufundishwa vibaya na bado ikabaki kozi. Jambo ambalo haikuwa nalo ni hiari.

Nairobi, 1968 hadi 1974

Septemba 1968 kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza ya Nairobi alipeleka kwenye bodi ya kitivo mapendekezo ya kuipanua idara hiyo kidogo kidogo. Tarehe 24 Oktoba walimu watatu, James Ngugi, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walijibu kwa waraka uliodai idara yenyewe ivunjwe. Waraka huo umejadiliwa mara nyingi kama tukio la historia ya uhakiki, nasi hatuna haja ya kurudia. Tunachotaka kukionyesha ni umbo la fikra yake. Waliweka mapokeo simulizi kuwa shina la kwanza; fasihi ya Kiswahili pamoja na zile za Kiarabu na Asia kuwa shina jingine; na Ulaya nayo ikapewa nafasi yake baada ya hayo. Walisema, kwa ufupi, kwamba mtu huanza kuyajua mambo pale aliposimama, kisha hutoka nje kwa mizunguko inayopanuka.

Fikra hiyo si ya fasihi pekee. Ni maelezo ya namna yoyote ya kumwelimisha mtu mzima, na ingeweza kuwa msingi wa kozi ya chuo kizima. Mkutano uliofanyika Shule ya Nairobi mwaka 1974 juu ya ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika uliisukuma fikra hiyo upande wa shule za sekondari, na hatimaye fasihi simulizi ikaingia katika mitihani ya taifa, kwanza kupitia somo la fasihi ya Kiingereza na baadaye pia kupitia Kiswahili. Upande wa vitivo vingine vya chuo haikwenda. Mwanafunzi wa fasihi alitumwa kijijini kwao na kinasa sauti kukusanya ngano; mwenzake wa kilimo, anayelala naye chumba kimoja bwenini, hakutumwa. Yamkini hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Vita vya kuivunja Idara ya Kiingereza vilikuwa vikali, na walioshinda walikuwa na kazi ya kutosha ya kuijenga idara yao mpya.

1990

Ripoti ya Mackay ya mwaka 1981 ilileta Chuo Kikuu cha Moi na mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985. Kidato cha tano na cha sita kikafutwa, na ile karatasi ya maarifa ya jumla ikafutwa pamoja nacho. Mwaka 1990 vyuo vikuu vinne, yaani Nairobi, Moi, Kenyatta na Egerton, vilipokea kundi la kwanza la 8-4-4 huku vikiwa na kundi la mwisho la kidato cha sita. Shahada iliyokuwa ya miaka mitatu ikawa ya miaka minne. Kozi za jumla ziliingia humo, katika mwaka ulioongezwa, na sisi tunaona kwamba namna zilivyoingia inaeleza mengi kuhusu namna zilivyoishi. Hazikuitwa na swali. Ziliitwa na pengo.

Nairobi kulikuwa na Stadi za Mawasiliano, Sheria katika Jamii, Sayansi ya Mazingira, Sayansi na Teknolojia katika Maendeleo, misingi ya falsafa na ya uchumi. Kenyatta iliweka kozi ya fikra tunduizi na bunifu, ambayo kwa jina angalau ni ya kupongezwa. Baada ya Serikali kutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa Novemba 1999, vyuo viliongeza kozi juu ya ugonjwa huo, na hapa palikuwa na sababu isiyohitaji utetezi. Lakini ukizisoma orodha hizo kwa jicho la mhakiki utaona kwamba lugha imeingia kama chombo cha kuandikia ripoti, na fasihi, ambayo mwaka 1968 ilidai kuwa njia ya mtu kujijua, haimo. Utaona pia kwamba hiari iliyotajwa kwenye mwongozo wa masomo mara nyingi ilikuwa ya ratiba: mwanafunzi aliichukua ile iliyokuwa na nafasi katika ukumbi Jumatatu saa kumi. Madarasa ya mamia hayawezi kufanya majadiliano, na mtihani wake huelekea kwenye vipengele vya kukariri. Walimu wengi vijana tumewahi kusahihisha rundo kama hilo, na tunajua mwandiko wa mtu anayeandika asichokijali.

Shungwaya ikiwa kozi

Tuchukulie sasa mwanafunzi kutoka Mkongani aliyekwenda kusomea uhandisi wa maji. Hadi 2007, Vyuo Vikuu vya Pwani na cha Kiufundi cha Mombasa vilipoanza kama vyuo vishiriki (vikapata hati kamili mwaka 2013), alilazimika kwenda bara. Anayo tayari, bila kujua kwamba ni elimu, hadithi moja: kwamba Wadigo na ndugu zao wanane walitoka Shungwaya, kaskazini, wakasukumwa na Wagala, wakashuka pwani hadi wakajenga makaya yao misituni, na kwamba Wadigo walitangulia, wakafika Kinondo.

Hadithi hiyo peke yake inatosha muhula mzima. Thomas Spear katika kitabu chake cha 1978 juu ya makaya aliyachukua mapokeo hayo kwa uzito na kuyaweka katika karne ya kumi na sita. Kabla yake, R. F. Morton alikuwa ameuliza swali la kukera: kama asili ya Shungwaya ni ya kale hivyo, mbona wageni walioandika habari za Mijikenda mapema katika karne ya kumi na tisa hawakuisikia? Warabai wana masimulizi yanayotaja Rombo, upande wa Kilimanjaro. Mwaka 1993 Justin Willis alionyesha kwamba hata jina 'Mijikenda' lilipata nguvu katika miaka ya 1930 na 1940, na kwamba mpaka kati ya Mswahili wa Mombasa na jirani yake wa nyika ulikuwa ukivukwa kila siku na watu waliohitaji kazi, mkopo au hifadhi. Mwaka huo huo Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walichapisha uchunguzi wao wa lugha za Sabaki, unaoviweka Kidigo na ndugu zake, Kiswahili, Kipokomo na lugha za Komoro katika ukoo mmoja. Ushahidi wa lugha unasema undugu upo. Hausemi kwamba watu wote walisafiri kwa msafara mmoja.

Mwanafunzi wa uhandisi aliyepitishwa katika mabishano haya atajifunza mambo ambayo kozi ya fikra tunduizi humwahidi kwa maneno: kwamba masimulizi ni ushahidi, kwamba ushahidi hupimwa, kwamba kunyamaza kwa hati si sawa na kukanusha, kwamba jina la watu lina tarehe. Atajifunza hayo juu ya jambo linalomuuma. Na mhakiki atamwongezea asichoweza kumpa mwanahistoria: kwamba hadithi ya safari ina umbo, ina wahusika wanaotangulia na wanaochelewa, na kwamba kuuliza ni nani anawekwa mbele katika simulizi ni kuuliza ni nani anadai ardhi.

Kutoka hapo mizunguko inapanuka yenyewe. Makaya yanayotajwa katika hadithi ni misitu, na tangu 1992 Serikali imekuwa ikiyatangaza kuwa turathi za kitaifa chini ya Makumbusho ya Taifa kwa sababu yamehifadhi miti adimu ambayo nje yake imekatwa. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza baadhi, Kinondo ikiwamo, katika orodha ya urithi wa dunia. Hiyo ni sayansi ya mazingira, ila inaanza na swali la kwa nini mwiko ulifaulu pale ambapo askari wa misitu alishindwa. Sheria katika Jamii ingeweza kuanza na Wadigo waliokuwa wakirithishana kwa upande wa mama, kutoka kwa mjomba hadi kwa mpwa, kisha wakasilimu na kukuta sheria ya Kiislamu inawapa watoto. Au na Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, iliyowapa pwani wenye karatasi na kuwaacha wenye minazi. Kuhusu maji, mwanafunzi wetu anajua kwamba chemchemi za Marere zilizo katika vilima vya Shimba huinywesha Mombasa. Hilo ni swali la uhandisi, la uchumi na la haki kwa pamoja. Na ndovu je? Hifadhi ya Shimba ilitangazwa 1968, mashamba yakaizunguka, na mwaka 2005 ndovu mia na hamsini walihamishwa kutoka Shimba kupelekwa Tsavo Mashariki. Mkulima anayekesha kulinda mahindi yake ana nadharia ya uhifadhi, nayo haijawahi kutahiniwa.

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili jibu. La kwanza ni kwamba elimu ya namna hii humfunga mtu kijijini kwake. Mfano wenyewe unalikanusha: aliyeanza Mkongani amefika Komoro, Somalia, Kilimanjaro na Paris kwa UNESCO kabla ya nusu ya muhula. Mtoto wa Njoro au wa Kitui angeanza na hadithi yake na kukutana naye njiani. Tena wapo Wakamba waliohamia Shimba katika mpango wa makazi wa miaka ya 1950, ambao wana haki ya kuisimulia Kwale kwa upande wao. Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba kuyapa mapokeo hadhi ya chuo kikuu ni kuchochea ukabila. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa. Katika siku na majuma yaliyofuata watu zaidi ya mia moja waliuawa pande za Likoni na Kwale, na maelfu kwa maelfu ya watu wa bara wakafukuzwa. Vijana waliofanya hivyo walikuwa wamekusanywa na kulishwa kiapo katika msitu wa Kaya Bombo. Tume ya Akiwumi ilisikiliza ushahidi kuhusu wanasiasa waliokuwa nyuma yao, na mkono wa siasa usisahauliwe. Lakini vijana wale walipewa pia hadithi: ya nani alitangulia kufika, ya msitu ulio wao, ya mgeni. Hadithi hiyo ilikuwa ikifundishwa, basi, na mwalimu wake hakuwa na haja ya mtu yeyote kuihoji. Hatusemi kwamba kozi ya saa arobaini na tano ingewazuia. Tunasema kwamba kuyaacha mapokeo nje ya darasa hakuyanyamazishi.

Lugha ya kozi

Limebaki jambo la lugha, ambalo waandishi wengi wa mitalaa hulipita kimya. Mfumo wa 8-4-4 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la mtihani hadi kidato cha nne. Katika karatasi ya fasihi mtahiniwa huulizwa juu ya ngano, misimu, miviga na mighani. Akifika chuoni, kama si mwanafunzi wa idara zetu, mlango huo unafungwa nyuma yake. Stadi za Mawasiliano kwa kawaida maana yake ni stadi za Kiingereza, na hali hiyo haikubadilika Katiba ya 2010 ilipokifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza na kuitaka Serikali, katika kifungu cha 11, ikuze utamaduni kwa njia ya fasihi. Kidigo hakimo kabisa. Kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili, iitwayo Mgombato, ilitoka mwaka 2004 kwa juhudi za Joseph Mwalonya, Juma Zimbu, Alison Nicolle na Steven Nicolle. Mwanafunzi wa Mkongani anaweza kumaliza shahada bila kuambiwa kwamba ipo.

Kozi tunayoipendekeza ingekuwa ya hiari kweli, ya vitivo vyote, katika Kiswahili, na ingempeleka mwanafunzi akusanye simulizi moja kwao, aliandike kwa lugha lilikosemwa, alitafsiri, kisha alipime kwa ushahidi mwingine wowote atakaoupata, uwe ramani, hati ya ardhi, orodha ya miti au ushuhuda wa jirani asiyekubaliana nalo. Gharama yake kubwa ni nauli na walimu, maana kundi la ishirini na watano ndilo la mwisho linaloweza kusikilizana. Seneti zitauliza itatahiniwaje. Swali hilo ni la haki, na ugumu wake hauko kwa mwanafunzi. Uko kwa mzee wa Mkongani au wa Kinondo aliyetoa simulizi: kama jina lake liandikwe kwenye kazi au la, kama arudishiwe nakala na kwa lugha gani, na kama siku ya kujadili kazi hiyo aalikwe kuketi upande wa watahini. Idara za fasihi zimekusanya kutoka kwa wazee wa namna hiyo kwa zaidi ya nusu karne, na kanda nyingi bado ziko kwenye makabati ya Nairobi.